Fahamu: Kwa nini picha ya agizo la daktari haitoshi kwa mofini

Faksi imebaki kwa wachache, lakini swali ililozua limehamia kwenye WhatsApp: je, mfamasia wa mjini Meru au Embu atoe mofini au diazepamu kwa picha ya agizo iliyotumwa na simu? Sheria ya Famasia na Sumu ya Kenya, Sura ya 244, inadai agizo la maandishi lenye tarehe na sahihi ya daktari, na dawa za kulevya zina sheria yao ya mwaka 1994. Huo si urasimu mtupu. Karatasi halisi ni moja; mfamasia akishatoa dawa, huiwekea alama ili isitumike tena. Picha haina mwisho: asubuhi inaonyeshwa Makutano, jioni Embu, na kila duka linaiona mpya.

Wapo watakaouliza, na wana haki: mgonjwa wa saratani aliye Siakago au Laare asubiri karatasi huku akiugulia? Hapana. Marekani, ambayo haina mzaha na dawa hizi, inakubali faksi kama agizo halisi kwa mofini ya mgonjwa aliye chini ya uangalizi wa hospisi (huduma ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona), kwa kuwa huyo ana timu inayomjua. Meru pia ina hospisi. Kanuni ya namna hiyo ingefaa hapa: wauguzi wa hospisi wathibitishe agizo kwa kumpigia daktari kupitia nambari ya hospitali, si ile iliyoandikwa kwenye picha. Kwa diazepamu ya mpita njia, karatasi ibaki palepale.