Irabu Iliyotoweka Ikaacha Alama

Chakula kwa Kiingereza ni “food”, lakini kulisha ni “feed”. Damu ni “blood”, kutoka damu “bleed”. Kilichojaa ni “full”, kujaza “fill”. Jozi hizi huandikwa ubaoni zikakaririwa, kana kwamba Waingereza walibadili irabu wapendavyo. Sababu ipo, na msemaji wa Kiswahili anaishi nayo kinywani.

Chukua kitenzi pika. Anayepika hatumwiti “mpiki”, ni mpishi. Andika humzaa mwandishi, linda mlinzi, fuata mfuasi, iba mwizi. Chanzo ni ile i ya mwisho. Ukiitamka, ulimi huinuka mbele karibu na kaakaa, na konsonanti iliyotangulia huvutwa huko huko.

Kiingereza nacho kilivutwa na i, ila kilichosogea ni irabu ya shina. Zaidi ya miaka 1,300 iliyopita, lugha iliyokizaa iliunda vitenzi kutokana na nomino na vivumishi kwa kuongeza kiambishi chenye sauti ya i au y. Wasemaji walianza kuiandalia ulimi kabla hawajaifikia: o ikasogea kuelekea e, u kuelekea i. Kisha kiambishi chenyewe kikadondoka. Sisi bado tuna i yetu, kwa hiyo tunaona chanzo na matokeo pamoja. Wao wamebaki na matokeo peke yake, na ndiyo maana yanaonekana hayana mpango.

Kwa njia hiyo hiyo “long” ilizaa “length”, na “strong” ikazaa “strength”, kwa kuwa kiishio “-th” zamani kilitanguliwa na i. Hata jina la lugha limepita humo: kabila la kale la Waangle ndilo lililolipa jina “English”, kama Wafranki walivyotoa “French”, a ikawa e. Lakini “boy” hutoa “boyish” bila kugusa irabu, ingawa kiishio “-ish” ni kile kile cha “English”. Neno hilo lilizaliwa kanuni ikiwa imekwisha kufa.

Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, maneno ya Kifaransa na Kilatini yalimiminika, na i ikapata kazi nyingine. “Confess” ikifanywa nomino huwa “confession”, na s yake hutamkwa sh. Hapo tumerudi jirani kabisa na mpishi. Naona ni hasara kubwa mwalimu wa Kiingereza, mwenye Kiswahili kinywani, kulipita jambo hili kimya.

Si kila jozi itafunguka hivi. Mwezi ni “moon”, lakini kivumishi chake ni “lunar”. Kinywa ni “mouth”, kivumishi “oral”. Nomino ni za Kiingereza cha asili, vivumishi vimetoka Kilatini. Hapo hakuna i ya kutafuta, na kukariri hakuepukiki.