Swichi isiyokubali uongo: ukaguzi wa ARP katika majengo ya Buzuruga

Kando ya Barabara ya Musoma, pale Buzuruga jijini Mwanza, si ajabu kukuta jengo moja lina duka la dawa, steishonari, wakala wa kutuma na kutoa fedha, na juu yake nyumba ya wageni, wote wakitumia laini moja ya intaneti. Mwenye jengo analipa, wapangaji wanachangia, na waya zote zinakutana kwenye swichi moja. Mpango huu unapunguza gharama, nami nauunga mkono. Lakini usipolindwa, mpangaji au mgeni mmoja mwenye nia mbaya anaweza kujifanya ruta, na mawasiliano ya jirani zake yakaanza kupitia kwenye kompyuta yake.

Udhaifu huo ni wa siku nyingi. Novemba 1982 David Plummer alichapisha waraka wa RFC 826, unaoeleza itifaki ya ARP. Kompyuta huwa inajua anwani ya IP ya ruta, tuseme 192.168.1.1, ila haiwezi kutuma pakiti kwenye waya mpaka ijue pia anwani ya MAC ya ruta hiyo, yenye biti 48. Kwa hiyo inauliza mtandao mzima: nani mwenye 192.168.1.1? Yeyote anaweza kujibu, na jibu linaaminiwa bila kuthibitishwa. Abiria mgeni akiuliza kwa sauti stendi basi la Musoma liko wapi, anayewahi kumshika mkono si lazima awe wakala wa basi hilo.

Ni kweli kwamba siku hizi nywila nyingi husafiri zikiwa zimefichwa kwa HTTPS. Hata hivyo, mdanganyifu huyo bado anaweza kuona unatembelea tovuti zipi, au kukupa majibu ya uongo ya DNS. Anaweza pia kuwakatia wenzake intaneti ili kasi yote ibaki kwake. Programu kama NetCut hufanya hivyo kwa kubofya mara moja. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kunasa mawasiliano ya wengine bila idhini, lakini sheria humfikia mtu baada ya kosa. Swichi humzuia kabla.

Swichi yenyewe iwe ya kusimamiwa, yaani ile unayoweza kuingia ndani yake na kuipa amri. Kwenye Cisco Catalyst, ukaguzi wa ARP unategemea jedwali linalojengwa na ufuatiliaji wa DHCP, itifaki inayogawa anwani za IP: kila kifaa kinapopewa anwani, swichi inaandika IP, MAC, VLAN (sehemu ya mtandao kilimo) na poti yake. Baadaye jibu la ARP likitoka kwenye poti isiyoaminika, swichi hulilinganisha na jedwali, na lisipolingana hutupwa. Kwa hiyo anza na `ip dhcp snooping`, uitaje VLAN husika, na poti inayoelekea kwenye ruta uitangaze kuwa ya kuaminika, kwa DHCP na kwa ARP pia. Acha vifaa vichukue anwani, ulitazame jedwali, ndipo uweke `ip arp inspection vlan 20`, ikiwa 20 ndiyo namba ya VLAN yako. Ukiwasha ukaguzi jedwali likiwa tupu, jengo zima litakosa mtandao.

Printa, kamera za ulinzi na mashine nyingine zilizopewa anwani kwa mkono hazimo kwenye jedwali hilo. Ziandikie ruhusa zao mwenyewe.

Kinachowaangusha mafundi wengi wa kwetu ni umeme. Swichi ikizimika bila jedwali kuhifadhiwa, ikiwaka inakuwa imesahau kila mtu, huku kompyuta zenye betri zikiendelea kutumia anwani zilezile za zamani. Pakiti zao halali zinatupwa, simu zinaanza kumiminika kwa fundi, naye kwa hasira anazima ukaguzi moja kwa moja. Dawa ni kuelekeza jedwali liandikwe kwenye kumbukumbu ya kudumu au kwenye seva, na kusawazisha saa ya swichi kwa NTP, maana kila ingizo lina muda wake wa kuisha. Angalia pia kikomo cha pakiti 15 za ARP kwa sekunde kwenye poti zisizoaminika: poti yenye kifaa cha Wi-Fi kinachohudumia simu nyingi inaweza kukivuka na kufungwa. Kipandishe kwa kiasi kwenye poti hiyo, na uruhusu poti iliyofungwa ijifungue yenyewe baada ya muda.

Ukaguzi huu una mipaka. Ukichomeka swichi ya bei rahisi chini ya swichi kuu, vifaa vilivyo chini yake vinaweza kudanganyana bila swichi kuu kuona chochote. Kwenye Wi-Fi ni vivyo hivyo; huko washa kipengele kinachowatenga wateja wasiwasiliane wao kwa wao. Na wenye ruta za MikroTik wanaweza kuiamuru ruta ijibu ARP za vifaa ilivyovisajili tu. Hilo huilinda ruta isidanganywe, lakini haliwalindi wapangaji dhidi ya wapangaji wenzao.

Wewe mwenye jengo, fundi atakapokukabidhi kazi, usimlipe kwanza. Mwambie azime swichi mbele yako, aiwashe tena, kisha mpite pamoja chumba kwa chumba kuona kama kila kifaa kimerudi hewani.