Nguo Zetu Zianikwe Wapi?

Mtu akipita Ng'ambo asubuhi ya siku isiyokuwa na mawingu, hasa siku ya Jumapili, ataona kwa macho yake kwamba mji mzima umefua. Majumba marefu ya Michenzani, yale yaliyojengwa katika miaka ya 1970, huvaa nguo za wenyewe tangu ghorofa ya chini hadi ya juu: kanga, mashuka, kanzu, sare za skuli na vitambaa vya watoto wachanga. Shamba nako kamba hufungwa baina ya mnazi na mwembe, na asiyekuwa na kamba hutandaza nguo zake juu ya ua wa makuti. Ni jambo la kila siku, na kwa kuwa ni la kila siku hakuna anayelizungumza. Leo sisi tumeona tulizungumze, kwa sababu tunahofu kwamba liko njiani kuondoshwa bila ya mwananchi yeyote kuulizwa.

Tunasema hivyo kutokana na yale yaliyotufika wenyewe. Miaka michache iliyopita tulipanga katika jengo jipya la ghorofa nne, hapa hapa mjini. Lilikuwa jengo zuri, lenye maji ndani na marumaru sakafuni, na kodi yake ilikuwa kubwa kama uzuri wake. Siku ya tatu tulikuta karatasi imebandikwa ngazini ikisema kwamba ni marufuku kuanika nguo katika roshani, kwani kufanya hivyo kunaharibu sura ya jengo. Tulimwuliza mlinzi: basi zianikwe wapi? Akatujibu kwa adabu: "Sheikh wangu, hilo sikuambiwa." Ua hapakuwa. Uwanja wa nyuma ulikuwa umefanywa maegesho ya magari. Mlango wa kutokea darini ulikuwa na kufuli, na ufunguo alikuwa nao mwenye nyumba, ambaye hakuwa akikaa kisiwani.

Wapangaji, kwa kuwa nguo hazina budi kufuliwa, wakaanza kuanika ndani. Kamba zikapita ukumbini juu ya vichwa vya wageni. Hazikupita wiki nyingi za masika kuta zikaota kuvu nyeusi nyuma ya makabati, na mashuka yakawa na ule uvundo ambao sabuni hauuwezi. Jirani yetu mmoja, mama wa watoto watatu wa skuli, alikuwa akiamka kabla ya alfajiri kukausha sare kwa pasi. Hakuwa akizinyoosha, alikuwa akizikausha, mvuke ukimpanda usoni na mita ya umeme ikizunguka. Mwingine aliyekuwa na uwezo zaidi alileta mashine ya kukaushia nguo. Kwa karatasi ile moja ya ngazini, kazi ambayo jua na upepo vilikuwa vikiifanya bure ikahamishiwa katika waya wa umeme.

Mashine hiyo si mgeni duniani. Mwaka 1892 Mmarekani mweusi aitwaye George T. Sampson alipewa hataza ya chombo cha kukaushia nguo kwa joto la jiko, na zile za umeme zilianza kuuzwa huko Marekani katika miaka ya 1930. Muundo wake si mgumu: ni pipa linalozunguka, kipande cha chuma kinachowaka moto kwa umeme, na feni ya kusukuma hewa. Katika nchi ambayo kwa miezi mitano jua halina nguvu na nje maji yanaganda, chombo hicho kina hoja yake, wala hatuwacheki wenye kukitumia. Swali letu ni gharama yake kwa watu wa kisiwa.

Ili lita moja ya maji iliyomo ndani ya nguo igeuke mvuke, inataka joto la kiasi cha theluthi mbili za uniti moja ya umeme. Hii ni tabia ya maji yenyewe, wala fundi hawezi kuibadilisha. Nguo kavu za kilo 5, zikishafuliwa na kukamuliwa vizuri kwa mashine, hubaki na lita mbili na nusu hadi tatu za maji. Kwa hiyo karibu uniti 2 hazikwepeki, na ukichanganya na joto linalopotea, mashine za kawaida hutumia uniti mbili na nusu, tatu, au zaidi kwa mzigo mmoja. Zipo za aina mpya ambazo hulikusanya joto lao na kulitumia tena, nazo hutumia takriban nusu ya hizo, lakini bei yake ni kubwa zaidi. Sasa tuchukue nyumba yenye taa kumi za wati 9 kila moja, zinazowashwa saa tano kila usiku. Uniti mbili na nusu zingeliwasha taa zote hizo kwa siku tano na zaidi. Hapo ndipo msomaji apime: fuo moja la nguo, au mwanga wa nyumba nzima kwa siku tano.

Umeme wenyewe unatoka wapi, kila mtu kisiwani anajua. Waya wa kwanza wa chini ya bahari kutoka bara hadi Fumba ulianza kazi mwaka 1980, ukiwa na uwezo wa megawati 45. Mwezi wa Mei 2008 Unguja ilikaa gizani kwa muda wa karibu mwezi mmoja. Halafu tarehe 10 Disemba 2009 umeme ukakatika tena, na haukurudi hadi mwezi wa Machi 2010. Miezi ile mitatu hatujaisahau. Pampu za maji zilisimama, akina mama wakarudi visimani na ndoo, samaki waliharibika katika mafriji, na sauti za majenereta zilikuwa usiku na mchana kwa wale waliokuwa na fedha za kununulia mafuta. Mwaka 2013 ukaja waya wa pili wa megawati 100, na Pemba ilikuwa imekwisha kuunganishwa na Tanga kwa waya wake mwaka 2010. Tunashukuru kwa hayo yote. Lakini mji unakua, majengo yanaongezeka, na uwezo wa waya una kikomo. Wakati wa kiza kile kamba ya nguo haikuzimika hata siku moja.

Tuingie katika mahoteli, ambako jambo hili ni kubwa zaidi kuliko majumbani. Tufanye hesabu ya hoteli moja ya vyumba 50, na kila chumba kikitoa kilo 5 za mashuka, foronya na mataulo kwa siku. Hizo ni kilo 250. Zikikamuliwa hubaki na lita 125 za maji, na kuyaondoa kwa mashine hugharimu uniti zisizopungua 84, na kwa kweli zaidi ya 100, kila siku inayopambazuka. Mgeni amesafiri maelfu ya maili kulifuata jua, analala juu ya shuka ambalo halikuliona jua hilo hata kwa dakika moja! Tunafahamu kwamba hoteli haiwezi kumwambia mgeni asubiri mvua ya masika ikatike ndipo apate taulo. Kwa siku hizo mashine iwepo. Hospitali nazo zina haki ya kuwa na mashine, kwa vile mashuka ya wagonjwa hayawezi kungojea hali ya hewa. Tunalolipinga ni kuiwasha mashine katika mwezi wa Januari, kaskazi inavuma na uwanja mtupu uko nyuma ya jiko.

Watu wa visiwa hivi hawahitaji mwalimu wa kuanika. Mpemba anayeanika karafuu juu ya majamvi anajua kwamba zikipata jua zuri zitakauka kwa siku tatu au nne, na kwamba kilo tatu mbichi zitampa kilo moja kavu. Anajua pia kuitazama pembe ya mbingu, na likitokea wingu jeusi nyumba nzima hutoka mbio kuanua, mkubwa na mdogo. Anayeanika dagaa anayajua hayo hayo. Elimu hii ndiyo aliyonayo mama katika nguo zake. Anajua kwamba upepo hukausha zaidi kuliko jua kali lisilo na upepo, ndiyo maana wakati wa kusi kanga hukauka upesi hata kivulini. Anajua kwamba kanzu nyeupe hutakata zaidi ikipigwa na jua, na kwamba kanga ya rangi nzito igeuzwe ndani nje isije ikachujuka. Nguo za ndani ataziweka kamba ya katikati na kuzifunika kwa kanga, mpita njia asione. Wale wanaosema kwamba kuanika nje ni kukosa haya wangelikwenda kwanza kujifunza kwake.

Lipo jambo moja la afya ambalo hatuwezi kulipita. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki yupo nzi anayetaga mayai katika nguo mbichi zilizoachwa kivulini au kutandazwa juu ya mchanga. Mayai yakianguliwa, funza wake huingia katika ngozi ya mvaaji na kutokeza kama jipu, na watoto wachanga ndio wanaoumia zaidi. Kinga yake ni kuanika juani, juu ya kamba iliyo mbali na ardhi, kisha kupiga pasi ya moto pande zote mbili bila ya kusahau mishono. Hii nayo ni sababu ya kuwapa wananchi mahali palipo wazi, badala ya kuwasukumia chini ya ngazi na nyuma ya magari.

Huenda msomaji akasema kwamba tunataka akina mama wabaki katika taabu. La. Kinachomvunja mama mgongo ni kufua na kukamua, si kuanika. Mashine ambayo tungependa iwemo katika kila nyumba ni ile ya kufulia, hata ikiwa ya mapipa mawili, ambalo moja ni la kukamulia. Pipa hilo huyatoa maji kwa kuizungusha nguo kwa kasi, na kwa dakika tano hula umeme mdogo mno, hata sehemu ya ishirini ya uniti haufiki. Maji yanayotolewa kwa kuzungushwa ni rahisi. Yanayotolewa kwa moto ni ghali. Nguo iliyokamuliwa namna hiyo na kutundikwa mbele ya upepo ni kavu kabla ya adhuhuri, na haichakai upesi. Yale manyoya yanayokusanywa katika chujio la mashine ya kukaushia ni nguo yenyewe inayomeguka kidogo kidogo. Tena yasiposafishwa hushika moto, na huko Marekani mamlaka ya zima moto imepata kukadiria kwamba mashine hizo husababisha mioto ipatayo 2,900 majumbani kwa mwaka mmoja.

Huko huko Marekani, ambako mashine imeingia karibu kila nyumba, vyama vingi vya wenye nyumba viliweka makatazo kama ile karatasi yetu ya ngazini, na kwa hoja ile ile ya sura ya mtaa. Baada ya miaka watu wamechoka. Jimbo la Colorado lilitunga sheria ya kuilinda kamba ya nguo mwaka 2008, Maine na Vermont mwaka 2009, na Hawaii mwaka 2010. Mfano wa Hawaii unatugusa zaidi, kwani ni watu wa visiwa kama sisi, na umeme wao, ambao sehemu kubwa umekuwa ukitokana na mafuta yanayoletwa kwa meli, ni ghali kuliko wa jimbo lolote la nchi ile. Wao wamerudi nyuma kwa sheria, baada ya kupotea. Sisi bado hatujafika huko walikokuwa wamepotelea.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wanaohusika na mipango miji na vibali vya ujenzi walitazame jambo hili kabla majengo hayajajaa. Mafundi wa zamani walilijua: nyumba za Mji Mkongwe nyingi zina ua wa kati, na nyumba ya Kiswahili haikukamilika bila ya uani, mahali pa jiko, kisima na kamba. Ramani ya jengo la ghorofa inayoletwa leo inaonyesha maegesho, tangi la maji na chumba cha mlinzi. Ionyeshe pia mahali pa kuanikia nguo, penye jua na upepo, pasipoonekana barabarani ikiwa sura ya mji ndiyo inayohofiwa. Ukuta wa matundu mbele ya roshani ya nyuma unatosha, na gharama yake ni matofali machache. Mlango wa darini uwe wazi kwa wapangaji, na dari iwe na ukingo imara ili watoto wasianguke. Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na tunafahamu kuwa una masharti yake. Lakini mji huo ni makazi ya watu, na watu wake wanafua.

Mwezi uliopita tulipita tena kwenye lile jengo la ghorofa nne. Karatasi ya ngazini bado ipo, imefifia kwa jua. Magari yalikuwa mawili tu katika uwanja wa nyuma, na baina ya nguzo zake mbili mtu alikuwa amefunga kamba ya katani. Mlinzi alikuwa yule yule. Juu ya kamba ile ilikuwa sare yake mwenyewe, inakauka.