Kuhamia Takaba na Mtoto Mdogo: Hesabu Kabla ya Kupakia Vyombo

Barua ya uhamisho ya polisi hutaja cheo, stesheni na siku ya kuripoti. Mke na mtoto wa mwaka mmoja na nusu hawatajwi. Familia ya Kakamega au Nyeri ikisikia kwamba baba anapelekwa Takaba, makao makuu ya Mandera Magharibi, hubaki na swali ambalo hakuna ofisi ya kulijibu: tumfuate, tubaki nyumbani, au tutafute mji wa katikati?

Familia za wanajeshi wa KDF siziingizi katika hesabu hii, maana mwanajeshi aliye kwenye operesheni hulala kambini na familia haimfuati. Polisi wana nafasi ya kuchagua. Tangu Septemba 2018, serikali ilipotangaza kwamba askari watapewa posho ya nyumba na kupanga miongoni mwa raia, askari wa stesheni ya mjini anaweza kukodi nyumba na kuishi na mkewe. Ila kuweza ni jambo moja, na kumudu ni jingine.

Anza na mapato. Takaba huleta posho ya mazingira magumu, lakini posho ya nyumba ni ndogo kuliko ile ya Nairobi, kwa hiyo sehemu ya ongezeko humezwa kabla hata hamjafika. Jeshi la Marekani humlipa askari wake aliye ng'ambo nyongeza inayopimwa kwa bei za mahali alipo na kwa idadi ya watu wanaomtegemea. Posho ya polisi wetu hufuata cheo na mahali. Konstebo mwenye mtoto na konstebo kapera hupata sawa, ingawa matumizi yao hayafanani hata kidogo. Naona hili ni kosa la sera, na familia changa ndizo zinazolibeba.

Njia ya kufika ina gharama ya namna yake. Basi la Nairobi hadi Mandera hupita Wajir na El Wak, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na sehemu za mwisho husindikizwa na polisi. Sababu inajulikana: tarehe 22 Novemba 2014 abiria 28 wa basi lililotoka Mandera waliuawa, na Desemba 2015, karibu na El Wak, abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na wenzao Wakristo mbele ya bunduki. Mke wa polisi asiye mwenyeji hawezi kufanya kama hajui hayo. Njia ya pili ni ndege ya kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, hadi mji wa Mandera, kisha gari. Nauli ni kubwa, ila mtoto aliye chini ya miaka 2 hupakatwa na kulipiwa sehemu ndogo tu ya nauli. Akishatimiza miaka 2 analipiwa kiti chake. Njia ya tatu, ambayo wengi huisahau, ni lami ya Isiolo hadi Moyale, kisha barabara ya vumbi kuelekea mashariki. Kwa mizigo mizito ndiyo ningeichagua, na kwa mtoto pia, kwa sababu mnaweza kulala Isiolo au Marsabit na kuikata safari vipande viwili.

Sasa maji, na hapa ndipo bajeti nyingi huvunjika. Mto Daua unapita Rhamu na Mandera, Takaba haufiki. Mji hutegemea mvua inayokusanywa kwenye mabwawa ya udongo, na yakikauka, maji huletwa na maboza na kusambazwa kwa mikokoteni ya punda. Viwango vya kimataifa vya misaada ya dharura vinasema mtu asipungukiwe na lita 15 kwa siku. Watu watatu ni lita 45, yaani mitungi miwili ya lita 20 na ziada. Ukifua nguo na nepi za mtoto, hesabu mitungi minne. Hiyo ni mitungi 120 kwa mwezi. Chukua bei utakayoambiwa ya kiangazi, izidishe kwa 120, kisha uilinganishe na kodi ya nyumba. Huenda ukakuta maji yameipita kodi. Kwa hiyo nyumba yenye tangi na mifereji ya kukinga mvua ya paa ina thamani kubwa kuliko nyumba yenye sakafu ya vigae, hata ikizidi kwa kodi.

Maji ya bwawa huwa na tope. Vidonge vya klorini peke yake havitoshi kwa maji ya namna hiyo. Yachuje kwanza, au tumia pakiti za unga wa kutuliza tope na kuua vijidudu, ambapo pakiti moja hutosha lita 10. Maji ya kunywa ya mtoto yachemshe.

Suala la nepi linafuata papo hapo. Mjini Nakuru nepi za kitambaa ni akiba kubwa ukizilinganisha na pampasi. Takaba, wakati wa kiangazi, kila nepi inadai maji ya kufulia na ya kusuuzia mara mbili. Mtoto anayetumia pampasi tano kwa siku anamaliza 150 kwa mwezi, na bei ya dukani imebeba nauli ya safari yote ile. Ushauri wangu ni kuchanganya: kitambaa mvua inaponyesha, pampasi za usiku pekee wakati wa ukame, na kuanza kumzoesha poti mapema. Nunua pampasi Isiolo kwa bei ya jumla, ukubwa wa namba ijayo, maana mtoto hasubiri.

Chakula kina nafuu na hasara. Nyama ya mbuzi na ya ngamia hupatikana, na pasta na mchele hujaa madukani kwa sababu ya biashara ya mpakani. Sukuma wiki, nyanya na matunda husafiri mbali na hufika yamechoka. Beba ndengu, maharagwe na omena za kutosha miezi miwili. Unga wa mahindi usagwao Kenya unatakiwa kisheria, tangu 2012, kuongezewa madini na vitamini. Unga na chumvi vilivyovuka mpaka soma pakiti kwanza. Maziwa ya ngamia ni mazuri kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja na yana vitamini C nyingi kuliko ya ng'ombe, lakini yachemshe bila kumwonea mtu haya, kwani maziwa mabichi huweza kubeba ugonjwa wa brusela. Kwa kweli, penye maziwa hayo sioni sababu ya kununua maziwa ya unga ya kopo.

Kuhusu afya, Takaba ina hospitali ya kaunti ndogo, na chanjo za kawaida hutolewa. Hata hivyo ningesubiri mtoto apate dozi ya pili ya surua na rubela, ya miezi 18, kabla ya safari. Kijitabu chake cha kliniki kisafiri mkononi mwako, kisiwekwe kwenye lori. Ugonjwa wa kuuliza habari zake ni kala-azar, unaoenezwa na usubi wa mchangani wanaojificha kwenye vichuguu na nyufa za kuta. Mandera na Wajir zinaufahamu vizuri. Homa inayozidi wiki mbili pamoja na tumbo kuvimba upande wa kushoto si ya kutibiwa kwa dawa za duka. Tiba yake ya kawaida nchini ni sindano za siku 17. Chandarua chenye dawa na nyumba iliyo mbali na vichuguu ni gharama ndogo kwa kulinganisha. Makato ya SHIF, bima ya afya ya taifa, asilimia 2.75 ya mshahara, mnayalipa popote mlipo, ila hayafupishi umbali. Ulizia bei ya mwaka ya huduma ya ndege ya wagonjwa ya AMREF Flying Doctors, iitwayo Maisha, na uiweke kwenye bajeti kabla ya televisheni.

Stima ya Takaba hutoka kituo cha hapo hapo, nje ya gridi ya taifa, lakini bei ya tokeni ni ile ile ya nchi nzima. Mtungi wa gesi usiuhamishe kabla ya kujua utajazwa wapi. Yaya kutoka kwenu atakuwa mgumu kumpata: mwanzoni mwa 2020 hata TSC, tume inayoajiri walimu, iliwaondoa walimu wengi wasio wenyeji katika kaunti za kaskazini mashariki. Mama wa jirani wa Kigarre, jamii ya wenyeji wa hapo, ndiye msaada wa karibu. Mheshimu, mlipe haki yake, na jifunze salamu zake.

Baada ya kuyapima yote, naona hivi. Baba akiwa katika kambi ya barabarani au ya mpakani, msiende. Akiwa stesheni ya mjini, nendeni baada ya miezi 18 ya mtoto, mwezi wa Mei au Juni, mvua za masika zikiwa zimejaza mabwawa, na mkae hadi likizo ya kwanza kabla ya kuachia nyumba mliyoiacha nyuma. Mtoto akiwa mdogo zaidi, au ana pumu au ugonjwa wa kurudiarudia, chagueni Isiolo badala ya Nairobi: mboga za Meru zipo karibu, hospitali ya rufaa ipo, na baba hushukia hapo akipitia Moyale. Na kabla hamjalipa lori, baba atume bei tatu za wiki hii: mtungi wa maji, lita ya maziwa ya ngamia, na kujaza gesi.