Tangawizi na mchaichai hutuliza arosto, havitibu uraibu

KIJANA aliyekwenda mjini kutafuta maisha anaporudi nyumbani Usevya, mkoani Katavi, akiwa mtumiaji wa heroini, familia nzima huyumba. Mpunga unangoja kuvunwa, na mama analazimika kuacha shamba ili amuuguze.

Kinachotisha kwanza ni arosto, yaani maumivu yanayompata mtumiaji anapokosa dawa hizo. Kwa heroini, huanza ndani ya saa 8 hadi 24 tangu alipotumia mara ya mwisho, na huweza kuendelea kwa siku 4 hadi 10. Mgonjwa hutokwa jasho na kamasi, huumwa viungo, hutapika, huharisha na kukosa usingizi.

Hapo bustani ya nyumbani ina msaada wake. Chai ya tangawizi hupunguza kichefuchefu. Mchaichai wenye asali humpa mgonjwa kinywaji cha moto kinachomliwaza usiku. Lakini kilicho muhimu kuliko majani yote ni maji. Anayeharisha apewe lita 1 ya maji safi na salama iliyochanganywa na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, anywe kidogo kidogo.

Hata hivyo, hakuna mti shamba uliothibitishwa kuponya uraibu wa heroini. Hatari kubwa huja arosto inapokwisha. Mwili huwa umepoteza uzoefu wa dawa, hivyo kijana akirudia kiasi chake cha zamani anaweza kushindwa kupumua na kufa. Mjamzito naye asiachishwe ghafla nyumbani, kwani anaweza kupoteza mimba.

Tiba inayotambulika ni methadoni, ambayo mgonjwa huinywa kila siku chini ya uangalizi wa wahudumu wa afya. Tanzania ilianza kuitoa Februari 2011 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, na baadaye huduma hiyo ikafika mikoa mingine ikiwamo Mbeya. Hutolewa bila malipo katika kliniki za Serikali. Kwa familia ya Usevya, hatua ya kwanza ni kituo cha afya kilicho karibu, ili kuomba rufaa. Kilio kikubwa ni nauli na umbali, na ni vyema ndugu wakachangishana mapema.

Wafanyabiashara nao wajihadhari. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtaka mganga asajiliwe. Anayeuza unga wa mizizi mnadani kwa jina la "dawa ya kuacha unga" anajiweka pabaya, na anamchelewesha mgonjwa kufika hospitali.

Faida halali ipo. Tangawizi na mchaichai vilivyokaushwa vizuri huuzika kama majani ya chai ya viungo. SIDO hufundisha usindikaji, na TBS ndiyo husimamia ubora wa vyakula. Mkulima auze chai kama chai, na tiba awaachie wenye kazi yao.