Gesi Iliyo Nyuma ya Friji

Igeuze friji yako uitazame kwa nyuma, karibu na kompresa. Utaona kibandiko chenye maandishi madogo: volti, wati, na mahali fulani herufi R ikifuatwa na namba. Kama imeandikwa R134a, na pembeni yake gramu 120, basi unaishi na mojawapo ya gesijoto kali zaidi zinazopatikana majumbani. Kama imeandikwa R600a, friji yako ni ya kizazi kingine kabisa, kisichotumia gesi kali namna hiyo. Kutoka kibandiko cha kwanza kwenda cha pili ndiyo safari ambayo dunia ilikubaliana kuifanya tarehe 15 Oktoba 2016 mjini Kigali, Rwanda. Kati ya sera zote za kupunguza gesijoto, hii ndiyo ningependa wananchi waibane serikali iitekeleze, kwa sababu imeshaonyesha kwamba inawezekana.

Tuanze na hesabu. Ukali wa gesi hupimwa kwa kuilinganisha na hewa ukaa katika kipindi cha miaka 100. Kilo moja ya R134a huipasha dunia joto sawa na kilo 1,430 za hewa ukaa. Kwa hiyo zile gramu 120 zikivuja zote, ni sawa na kilo 172 za hewa ukaa, yaani moshi wa lita 75 hivi za petroli. Kiyoyozi chenye kilo moja ya gesi nyingine ya aina hii, R410A, kikivuja chote ni zaidi ya tani mbili, sawa na kuchoma lita 900 za petroli.

Na gesi hizi huvuja kweli. Fundi akiitwa kutengeneza kiyoyozi kisichopoza, mara nyingi hufungua vali, gesi iliyobaki ikatoka kwa mluzi mpaka ikaisha, kisha akachaji upya kutoka kwenye mtungi. Si kwamba ana nia mbaya. Mashine ya kuivuta gesi na kuirudisha mtungini ni ghali, na mteja anayelalamikia bei ya kuchaji hatakubali kulipia na hiyo.

Gesi hizi ziliingia sokoni kama dawa ya tatizo jingine. Mwaka 1974, Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi zilizotumika zamani kwenye friji na makopo ya kupulizia, zile za jamii ya CFC, hupanda juu angani na kulila tabaka la ozoni linalotukinga na mionzi mikali ya jua. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza wakatangaza kwamba tabaka hilo limepungua vibaya juu ya Antaktika. Miaka miwili baadaye ikatiwa saini Itifaki ya Montreal. CFC zikaanza kuondolewa, na mahali pake zikaja gesi za jamii ya HFC, kama R134a, ambazo haziigusi ozoni. Lakini zinapasha dunia joto, na kadiri friji na viyoyozi vilivyoongezeka, ndivyo dawa ilivyogeuka kuwa ugonjwa.

Marekebisho ya Kigali yaliziingiza HFC katika itifaki hiyo hiyo. Nchi tajiri zilianza kupunguza mwaka 2019 na zinatakiwa kufikia punguzo la asilimia 85 ifikapo 2036. Nchi zetu za Afrika zilichagua kundi la mapema kati ya nchi zinazoendelea: kutoongeza matumizi kuanzia 2024, kupunguza asilimia 10 mwaka 2029, asilimia 30 mwaka 2035, na asilimia 80 ifikapo 2045. Oman na majirani zake wa Ghuba, pamoja na India na Pakistan, walipewa muda zaidi, mpaka 2028, ndipo waache kuongeza. Yote haya yakitekelezwa, wanasayansi wanakadiria dunia itaepuka hadi nusu nyuzi ya joto ifikapo mwisho wa karne. R134a hudumu angani miaka 14 hivi, wakati sehemu ya hewa ukaa hubaki kwa karne nyingi. Ukiacha kuimwaga leo, nafuu yake wataiona hata walio hai sasa.

Kwa nini mkataba huu umefanya kazi wakati mingine inabaki kwenye makaratasi? Kwanza, una tarehe na kiwango, na kila nchi hutoa taarifa ya matumizi yake kila mwaka. Pili, una fedha: Mfuko wa Kimataifa wa itifaki hulipia mafunzo ya mafundi na kubadilisha mitambo ya viwanda katika nchi zinazoendelea. Tatu, una meno. Kuanzia 2033, nchi zilizoridhia haziruhusiwi kufanya biashara ya HFC na nchi ambazo hazijaridhia. Anayegoma hujifungia sokoni mwenyewe.

Wapo wanaouliza: sisi tunachafua kiasi gani mpaka tubebeshwe mzigo huu? Swali ni la haki, ila jibu lake halipo angani tu, lipo pia mfukoni. Soko la Ulaya lilipobanwa, bei za gesi hizi zilipanda kwa kasi kubwa mwaka 2017 na 2018. Vifaa visivyotakiwa huko havitupwi. Hutafuta bandari isiyo na masharti. Mnunuzi wa friji ya mtumba anayefurahia bei nafuu hulipa tofauti kwenye umeme wa luku kila mwezi, na siku gesi ikiadimika atalipa tena kwa fundi. Ghana ililiona hilo mapema: tangu 2013 imepiga marufuku kuingiza friji zilizotumika.

Wengine wanaogopa R600a kwa sababu inashika moto. Kweli inashika, ni ndugu wa gesi ya kupikia. Lakini friji ya nyumbani hubeba gramu 50 hivi tu, wakati mtungi mdogo jikoni una kilo sita. Hatari inampata zaidi fundi anayechomelea bomba bila kuitoa gesi kwanza, na dawa yake ni mafunzo na vyeti.

Basi tudai nini? Kwanza, viwango vya kitaifa vinavyotaja aina ya gesi na matumizi ya umeme kwa kila friji na kiyoyozi kinachoingia, kipya au mtumba, na forodha wapewe vifaa vya kuvipima. Pili, leseni kwa mafundi, iambatane na mafunzo ya bure na mashine za kuvuta gesi zinazokodishwa kwa bei wanayoimudu. Tatu, serikali yenyewe ianze: hospitali, shule na ofisi za umma zisinunue tena vifaa vya R410A pale vyenye gesi nafuu kwa dunia vinapopatikana.

Haraka hii inatokana na umri wa vifaa. Friji inayoshushwa bandarini mwaka huu inaweza kutumika miaka 15. Mwaka 2035 ukifika, gesi yake ikiwa imepunguzwa kwa asilimia 30, itakuwa bado jikoni kwa mtu, ikisubiri kuchajiwa. Uamuzi wa nini kishushwe unafanywa sasa, na mbunge wako ana haki ya kuulizwa ameshauchangia vipi.