Njia za Baiskeli Zisizo na Motokaa katika Bonde la Nyando

Ye yote aliyepata kutoka Kisumu kwa baiskeli na kushika barabara kuu ya Ahero anaijua hofu ya kusikia lori likimjia kwa nyuma. Barabara ile ni nzuri kwa motokaa, na haina budi kuwa nzuri, maana ndiyo njia ya malori yatokayo Nairobi kwa upande wa Kericho, mengine yakiishia Kisumu na mengine yakiendelea mpaka Busia na Uganda. Lakini mpanda baiskeli hana nafasi yake pale. Lori linapopiga honi yeye hushuka kwenye changarawe pamoja na mzigo wake, husubiri vumbi litulie, kisha hupanda tena. Asiyewahi kushuka huenda asipate nafasi ya kulisimulia jambo hilo nyumbani kwake.

Hata hivyo, katika bonde hilo hilo mna njia nyingine ambazo motokaa hazipiti ila kwa nadra. Hazikutengenezwa kwa ajili ya baiskeli hata kidogo. Zilitengenezwa kwa ajili ya maji, mpunga na miwa. Lakini mtu mwenye baiskeli akizijua, aweza kusafiri mwendo mrefu katika nchi ya kupendeza pasipo kutazama nyuma.

Kwanza yafaa kulieleza bonde lenyewe. Mto Nyando huanzia katika nchi za juu za Nandi, Tinderet na Kericho, hupita karibu na Muhoroni, kisha huteremka polepole katika tambarare ya Kano na kuingia Ziwa Victoria katika Ghuba ya Winam. Upande wa kaskazini umesimama ukuta mrefu wa milima ya Nandi. Asubuhi huwa wa samawati, na jioni jua likiupiga waweza kuhesabu mabonde madogo yaliyochimbwa na maji ubavuni mwake. Upande wa kusini pana uwanda wa juu wa Nyabondo. Katikati ya kuta hizo mbili nchi ni sawasawa kama sakafu. Ziwa liko kiasi cha mita 1,130 juu ya bahari, na kutoka hapo mpaka Ahero hakuna kilima cha kumshusha mtu katika baiskeli yake. Baiskeli nyeusi ya kawaida, isiyo na gia, yenye keria nzito nyuma, hufaa kabisa katika nchi ya namna hii. Pengine ndiyo sababu imependwa huko tangu zamani.

Wajenzi wa reli nao waliitambua faida ya bonde hili. Reli iliteremka kwa njia ya Fort Ternan na Muhoroni, ikafika ziwani tarehe 20 Desemba 1901, mahali palipoitwa wakati ule Port Florence, yaani Kisumu ya leo. Wako watu wanaodhani ya kwamba ukingo wa reli ndio njia bora ya baiskeli. Si hivyo. Reli ile ilikarabatiwa, na mwezi wa Desemba 2021 treni ya abiria ilirudi Kisumu baada ya kukosekana kwa miaka mingi. Njia ya treni na iachiwe treni.

Njia zifaazo ni zile za kingo za mifereji. Mradi wa umwagiliaji wa Ahero ulianza kazi mwaka 1969, nao huvuta maji kwa pampu kutoka Mto Nyando. Mradi wa Kano Magharibi ulifuata katika miaka ya 1970, nao huvuta maji kutoka ziwani. Kwa kuwa mashamba ya Kano Magharibi yako chini sana, maji yaliyokwisha tumika hayawezi kuondoka yenyewe. Hurudishwa ziwani kwa pampu vile vile. Kazi ya namna hiyo haiwezekani pasipo kingo. Mfereji mkuu una ukingo wake, matawi yake yana kingo zake, na juu ya kingo hizo iko njia ya kupita mtu anayefungua na kufunga maji, na mahali pengine njia pana kiasi cha trekta. Njia hizo huenda moja kwa moja, zimeinuka kidogo juu ya mashamba, na mtu aliye juu ya baiskeli huona mbali pande zote.

Anachokiona hutegemea majira. Wakati wa kupanda, mashamba huwa vioo vya maji, na watu wameinama kwa safu wakichomeka miche. Baadaye nchi yote hugeuka kijani kibichi. Mpunga ukianza kuiva huja vita vya kwerea, ndege wadogo ambao kundi lao laweza kumaliza shamba la mtu kwa muda mfupi. Ndipo watoto na watu wazima hushinda shambani wakipiga kelele na kupiga madebe tangu alfajiri. Yangeyange weupe hutembea nyuma ya trekta kama karani akaguaye kazi. Fundichuma na kwarara huchokora matope kando ya mifereji, na ukikaribia ziwa utaona mafunjo, na mdiria akining'inia hewani kabla ya kujitupa majini. Baada ya mavuno mpunga huanikwa juu ya maturubai kando ya njia, na hapo mpanda baiskeli mwenye adabu hushuka akatembea. Ukingo si barabara ya watu wote; ni kifaa cha kazi cha mkulima, na mgeni hupita kwa hisani yake.

Upande wa juu, karibu na Chemelil na Muhoroni, ziko njia za mashamba ya miwa. Nyakati za kukata miwa matrekta yana haki yake humo na si mahali pa kutembelea. Nyakati nyingine ni kimya kabisa.

Haitakuwa kweli kusema kwamba njia hizi hazina chombo cho chote chenye injini. Kazi ya kuchukua abiria kwa baiskeli ilianzia mpakani Busia katika miaka ya 1960, na jina la boda boda limetoka huko. Katika miaka ya 1990 baiskeli hizo zilikuwa nyingi mno Kisumu, na vijana wengi walijipatia riziki kwa nguvu za miguu yao. Kisha, kama mwaka 2008, kodi ya pikipiki ndogo ilipunguzwa, na pikipiki zikachukua kazi ile karibu yote. Leo pikipiki huingia mpaka ukingoni mwa mfereji. Lakini pikipiki moja kwa nusu saa si sawa na malori ishirini, na mwenye kuiendesha huko aghalabu ni mtu wa kijiji kile kile, apunguzaye mwendo akimwona jirani.

Jambo linalozitisha njia hizi zaidi ni maji. Watu wazima wa Kano wanazikumbuka mvua za mwaka 1961, na wengine zile za 1997 na 1998. Mwaka 2020 mto ulifurika na ziwa likapanda sana, na mwaka 2024 yakatokea tena mambo yayo hayo. Ukingo ukivunjika mahali pamoja, mpunga hupotea, na njia nayo hukatika. Mtoto aliyekuwa akienda shule kwa baiskeli kwa njia ya mfereji hana budi kurudi kwenye barabara ya malori. Hapo ndipo wenye kupanga fedha wangefanya vema kutazama kwa makini. Tengenezo la ukingo na tengenezo la njia ya baiskeli ni kazi moja. Bamba la zege juu ya mfereji mdogo, upana wa kutosha mtu kupita na baiskeli iliyobeba gunia, na nguzo mbili za kuzuia lori lisiingie: gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na kujenga barabara mpya.

Katika nchi nyingine hivyo ndivyo ilivyofanyika. Kando ya mto Danube, kutoka Passau katika Ujerumani mpaka Vienna katika Austria, watu wengi husafiri kwa baiskeli kila mwaka, na sehemu kubwa ya njia yao ni ile ya zamani ambayo farasi waliipita wakivuta mashua kwa kamba. Hakuna aliyefikiri habari za baiskeli ilipotengenezwa. Kisumu nayo imekwisha kuanza upande wa mjini: mpango wa usafiri uliotolewa mwaka 2020 uliwakumbuka waendao kwa miguu na kwa baiskeli, na njia za miguu zikatengenezwa katikati ya mji. Ni kazi njema, ila gunia la mchele halianzii katikati ya mji.

Anayetaka kwenda kuliona bonde na achague miezi mikavu. Udongo wa Kano ni mweusi na wenye kunata. Ukilowa hujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na wenyeji hutembea na kijiti cha kuukwangua, au huyaondoa madigadi kabisa kabla ya masika. Achukue pampu na vifaa vya pancha, maana miiba ya Kano haina huruma. Aondoke alfajiri, ingawa jua litampiga usoni akielekea mashariki, na ageuke kabla ya adhuhuri, kwa kuwa mchana upepo wa ziwa huvuma kutoka magharibi na kumpinga mtu arudiye Kisumu. Karibu na ziwa asichelewe hata kidogo. Viboko hutoka majini giza likiingia, huja kula katika mashamba ya mpunga, nao hawatoi njia kwa mtu.

Imebaki sehemu mbili zisizo na dawa. Ya kwanza ni daraja la Ahero, ambapo baiskeli na lori hupita juu ya mto kwa njia moja. Ya pili ni kipande cha barabara kuu baina ya Nyamasaria na mahali pa kukata kona kuelekea mashamba ya Kano Magharibi. Kipande hicho si kirefu, lakini hakuna awezaye kukikwepa. Wengi wenye mizigo hufunga kamba zao usiku, hutoka mapema, na kujitahidi kupita Nyamasaria kabla malori hayajawa mengi.